Betri Haisahau Haraka: Somo la Ngazi ya Nusu



Ndugu msomaji, najua utakaloniuliza: mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu na betri, wapi na wapi? Kilichonivuta ni neno moja tu, "nusu". Sisi tunaosoma mirathi tunaishi na sehemu: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. Ndizo hesabu zetu za kila wiki. Al-Khwarizmi mwenyewe, katika kitabu chake cha al-jabr alichokiandika Baghdad katika karne ya 9, alitenga fungu refu kwa masuala ya wasia na urithi. Basi siku niliposikia wenzetu wa uhandisi wakibishana kuhusu saketi "ya ngazi ya nusu", niliketi kusikiliza. Urithi wa nusu naujua. Kasi ya nusu sikuwahi kuisikia.

Somo hili ni kwa ajili ya wote, wa sayansi na wasio wa sayansi. Ukijua kujumlisha, kuzidisha na kipeuo cha pili, tutakwenda pamoja hadi mwisho, inshaallah.

Swali tunaloanza nalo

Una betri mbele yako. Haifunguki, haisemi. Utajuaje kama bado ina uhai wa kutosha? Wengi wetu tunachukua kipimo cha volti. Betri ya risasi ya volti 12 ikijaa na kupumzika husoma takriban 12.6 au 12.7. Tatizo ni kwamba betri iliyochoka nayo, ikijazwa na kupumzishwa, inaweza kusoma hivyo hivyo. Ukiiwashia taa na vipaza sauti, inaanguka kabla ya saa mbili kupita.

Muuza mafenesi hapa Kampala hakati kila fenesi ili ajue lililoiva. Huligonga kwa kiganja na kusikiliza. Upimaji wa impidansi ni kugonga betri kwa umeme. Unapitisha mkondo mdogo unaokwenda na kurudi, mdogo kiasi kwamba volteji inatikisika kwa milivolti chache tu, kisha unaangalia volteji imeitika kwa ukubwa gani na imechelewa kiasi gani nyuma ya mkondo. Unagonga haraka, mara maelfu kwa sekunde, halafu polepole, halafu polepole sana. Kwa mtikisiko wa elfu moja ya hezi, mzunguko mmoja tu huchukua sekunde 1,000, karibu dakika 17, kwa hiyo kazi hii haimfai mwenye haraka.

Mgongo wa haraka unaonyesha vitu vyepesi: nyaya, viungo, maji ya asidi au elektroliti. Mgongo wa kati unaonyesha kinachotokea juu ya uso wa elektrodi, pale chembe za umeme zinapovuka kutoka kwenye maji kwenda kwenye kitu kigumu. Mgongo wa polepole ndio unaofika ndani kabisa, kwenye ioni zinazosafiri kwa kusambaa, kama rangi inavyosambaa kwenye maji yaliyotulia.

Saketi ya vitabu inapokwama

Mhandisi akishapata vipimo hivyo hujenga saketi ya mfano itakayoitika kama betri inavyoitika. Vifaa vyake vya kawaida ni viwili. Cha kwanza ni kikinza: volteji na mkondo huenda bega kwa bega, hakuna kuchelewa. Cha pili ni kapasita: volteji huchelewa nyuma ya mkondo kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90.

Ukiunganisha kikinza na kapasita sambamba na kuchora impidansi yake kwenye grafu, unapata nusu duara iliyokamilika. Betri halisi haichori hivyo. Inachora duara lililobonyea, kama chapati iliyokaliwa, na baada yake mkia unaopanda kwa mshazari. Mkia huo, pale ioni zinaposambaa kwa uhuru, hupanda kwa nyuzi 45. Hapo volteji imechelewa kwa thumuni ya mzunguko! Haiko kwenye kikinza wala kwenye kapasita, iko katikati kabisa.

Mjerumani Emil Warburg alilieleza hilo mwaka 1899. Alionyesha kwamba kusambaa kwa ioni kuelekea elektrodi huzaa impidansi inayopungua kwa kipeuo cha pili cha frikwensi, na kuchelewa kwa nyuzi 45 bila kubadilika. Mwaka 1941 ndugu wawili wa Marekani, Kenneth na Robert Cole, walikuta jambo la jamaa na hilo kwenye vitu visivyopitisha umeme: duara lililobonyea, na kipeo kisicho namba nzima.

Ili kuufuata mkia huo, watu wa fani wamekubaliana kutumia kifaa cha tatu ambacho hakiuzwi dukani. Kipo kwenye karatasi tu. Kinaitwa kipengele cha pembe isiyobadilika. Kina namba mbili: ukubwa wake, tuuite Q, na ngazi yake, tuiite alfa. Alfa ikiwa 1, kifaa ni kapasita. Alfa ikiwa 0, ni kikinza. Alfa ikiwa nusu, ni mkia wa Warburg. Kuchelewa kwake ni nyuzi 90 mara alfa, basi.

Saketi nzima nitakayoitumia hapa ni hii: kikinza kimoja mwanzoni, kisha kikinza cha pili kilichounganishwa sambamba na kipengele chenye alfa karibu na 0.8 au 0.9 kwa ajili ya lile duara lililobonyea, kisha kipengele cha alfa ya nusu kwa ajili ya mkia.

Nusu ya kasi ni nini?

Hapa ndipo uzuri ulipo, tusiharakishe. Mwendo una umbali. Badiliko la umbali ni kasi, hiyo ni ngazi ya kwanza. Badiliko la kasi ni mchapuko, ngazi ya pili. Kwenye kapasita, mkondo unalingana na badiliko la volteji kwa ngazi ya kwanza. Kwenye kikinza, unalingana na volteji yenyewe, ngazi ya sifuri. Kwenye kipengele chetu, mkondo unalingana na badiliko la volteji kwa ngazi ya alfa.

Mwaka 1695 Gottfried Leibniz na Mfaransa Guillaume de l'Hôpital walikuwa wakiandikiana barua, likajitokeza swali: ngazi ikiwa nusu, inakuwaje? Leibniz alijibu kwamba jambo hilo linaonekana kujipinga lenyewe, lakini siku moja litazaa matunda yenye manufaa. Alikuwa sahihi, ingawa siku yenyewe ilichukua karne kadhaa kufika.

Maana yake ni hii: ngazi ya nusu ni tendo ambalo ukilifanya mara mbili unapata ngazi kamili moja. Chukua umbali unaokua sawasawa, yaani t. Kasi yake ni 1. Ngazi yake ya nusu ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha (t gawanya kwa pai). Lifanyie jibu hilo ngazi ya nusu tena, linarudi 1. Hakuna uchawi.

Ila kuna gharama. Kasi ya kawaida inahitaji kujua sasa na punde kidogo iliyopita. Ngazi ya nusu inahitaji kujua yote yaliyopita tangu mwanzo. Njia iliyotolewa na Anton Grünwald mwaka 1867 na Aleksey Letnikov mwaka 1868 inalionyesha hilo waziwazi. Gawa muda katika hatua sawa. Badiliko la ngazi ya alfa ni jumla ya thamani ya sasa na za nyuma, kila moja ikizidishwa kwa uzito wake. Uzito wa kwanza ni 1. Kila unaofuata, wa namba j, ni ule uliotangulia mara (1 toa (alfa + 1) gawanya kwa j).

Weka alfa = 1. Uzito unatoka 1, kisha hasi 1, kisha sifuri, sifuri, sifuri. Kapasita inakumbuka jana tu, juzi imekwisha kufutika. Sasa weka alfa = 0.5. Unatoka 1, hasi 0.5, hasi 0.125, hasi 0.0625, hasi 0.0390625, hasi 0.02734375, na unaendelea hivyo ukipungua bila kufika sifuri. Hakuna siku inayofutwa, zinafifia tu.

Naomba tusichanganye. Kumbukumbu ninayoisema si ile waliyokuwa wakiisema wauza simu wa zamani kuhusu betri za nikeli na kadmiamu, kwamba usipoimaliza chaji "inazoea". Hii ni kumbukumbu ya kihesabu: hali ya leo haielezeki kwa namba moja ya leo. Betri mbili zenye volti sawa sasa hivi, moja imetoka kazini na nyingine imelala tangu jana, zitaitika tofauti saa ijayo. Wanafunzi wa elimu ya rijali hawatashangaa. Msimulizi hatathminiwi kwa siku moja ya maisha yake.

Tuigize kwa daftari

Kuigiza kwa muda maana yake ni kuuliza: nikitoa mkondo huu sasa, volteji itashuka vipi hatua kwa hatua? Tuchukue kipengele cha alfa ya nusu peke yake. Tuchague vipimo ili mkondo wetu ukiwaka uongeze 1 katika kila hatua (1 hiyo iwe milivolti 10, ukipenda). Ukiupanga upya ule mlinganyo wa uzito, unapata kanuni rahisi: mshuko wa sasa ni mchango wa mkondo, jumlisha 0.5 ya mshuko uliotangulia, jumlisha 0.125 ya ule wa kabla yake, 0.0625 ya wa kabla yake tena, na kuendelea.

Hatua ya kwanza, mkondo unawaka: 1. Ya pili: 1 + 0.5 = 1.5. Ya tatu: 1 + 0.75 + 0.125 = 1.875. Ya nne: 1 + 0.9375 + 0.1875 + 0.0625 = 2.1875.

Angalia ongezeko linavyopungua: nusu, kisha 0.375, kisha 0.3125. Kwa mkondo usiobadilika, mshuko wa kipengele hiki hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Muda ukiwa mara nne, mshuko unakuwa mara mbili. Hicho ni kipimo kizuri cha kujua kama programu yako inasema kweli. Kwenye daftari letu tulitoka 1 tukafika 2.1875 badala ya 2 kamili, kwa sababu hatua zetu ni chache na nene. Ukizifanya nyembamba pengo linafungika.

Sasa zima mkondo kabla ya hatua ya tano. Mchango wa mkondo ni sifuri, lakini kumbukumbu bado ipo: 1.09375 + 0.234375 + 0.09375 + 0.0390625 = 1.4609375. Hatua ya sita inatoka 1.207 na kitu. Betri inapumua polepole. Ndiyo maana simu iliyozima yenyewe, ukiiacha kidogo, huwaka tena ikakupa dakika mbili za kupiga simu ya mwisho.

Polepole kiasi gani? Tuseme mzigo umewashwa saa moja kamili, kisha ukazimwa. Kwenye kipengele cha nusu, saa moja baadaye bado umebaki 0.414 ya mshuko uliokuwapo wakati wa kuzima. Saa tatu baadaye, 0.268. Saa nane baadaye, 0.172. Baada ya saa 24 bado kuna 0.101, yaani sehemu moja katika kumi. Linganisha na kikinza na kapasita vyenye muda maalumu wa saa moja: baada ya saa moja 0.368, baada ya saa tatu 0.050, na baada ya saa nane 0.0003, yaani hakuna kitu. Mwanzoni wanakaribiana, halafu wanaachana kabisa. Anayeiga betri kwa kapasita moja ataiona imepona, kumbe bado.

Gharama ya kukumbuka

Kwenye kompyuta tatizo ni moja: kila hatua inarudi kusoma zote zilizopita. Ukiigiza siku moja kwa hatua ya sekunde moja, una hatua 86,400, na kuzidisha kwake kwote kunafika takriban bilioni 3.7. Kompyuta ya mwanafunzi italalama.

Wengine hukata kumbukumbu: wanabakisha hatua mia za mwisho, nyingine wanatupa. Kwa ngazi ya nusu uamuzi huo una bei yake. Uzito wote ukijumlishwa hadi mwisho usio na mwisho hutoa sifuri, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa kuwa kitu kilichotulia milele hakina badiliko. Ukikata baada ya hatua 100, jumla inabaki takriban 0.056. Ukikata baada ya 10,000, inabaki 0.0056. Kwa hiyo ili kosa lipungue mara kumi, lazima ukumbuke mara mia zaidi.

Njia ninayoiona bora ni ya ngazi za vikinza na kapasita. Unachukua jozi kadhaa: moja ya muda wa sekunde 1, nyingine ya 10, nyingine ya 100, nyingine ya 1,000, na kuendelea. Kila jozi peke yake husahau haraka, lakini kwa pamoja, kila moja ikishika zamu yake ya muda, zinafanana sana na kipengele cha nusu ndani ya masafa uliyoyachagua. Kumbukumbu ndefu inageuka kuwa namba sita au saba za kubeba kutoka hatua hadi hatua. Alain Oustaloup wa Ufaransa ndiye jina utakalokutana nalo sana kwenye njia hii.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita upesi: mwanzo. Mlinganyo unauliza yaliyopita, lakini wewe umeanza kupima saa tatu asubuhi. Betri haikuzaliwa saa tatu. Michele Caputo wa Italia mwaka 1967 alitoa sura ya mlinganyo inayokubali kuanza na thamani ya kawaida kama volteji ya mwanzo, na wahandisi wengi huitumia. Hata hivyo, haifuti historia. Mimi naona salama ni kuipumzisha betri usiku kucha kabla ya kupima, ili yaliyopita yawe yamefifia vya kutosha.

Ilikotufaa

Kabla ya Ramadhani, musala wetu ulikuwa na betri nne za risasi za volti 12, zimeunganishwa sambamba, zinazochajiwa na jua. Taa zilikuwa zikizimika kabla ya Isha. Fundi mmoja alitushauri tununue nne mpya. Pesa zilizokuwapo ni michango ya wanafunzi, na mtunza hazina wetu akasema hatatoa shilingi kabla ya kuonyeshwa sababu, maana ile ni amana. Asubuhi, kila betri ikiwa imetenganishwa na nyingine, zote nne zilisoma karibu volti ileile.

Wenzetu wa uhandisi walizigonga moja moja. Tatu zilichora safu zinazokaribiana. Ya nne safu yake ilikuwa pana mno, na kikinza cha mwanzo nacho kilikuwa kimepanda. Kwenye betri ya risasi, hali hiyo mara nyingi inatokana na kutu ya viungo na fuwele za salfeti ya risasi zilizoganda juu ya bamba. Tukaziingiza namba hizo kwenye programu ya Python, tukaigiza usiku mmoja wa taa, feni na vipaza sauti. Tatu zilistahimili. Ya nne iliporomoka mapema, na usiku wa majaribio ilifanya hivyo hivyo.

Tuliiondoa, kwa sababu betri mbovu iliyounganishwa sambamba huwanyonya wenzake. Taa za nje tukazihamishia kwenye umeme wa kawaida ili kuupunguza mzigo, kwa kuwa robo ya akiba ilikuwa imekwenda. Hatukununua hata moja mwezi ule.

Sitaki mtu achukue hili kama hukumu ya mwisho. Impidansi haikuambii moja kwa moja ujazo wa betri. Inabadilika kwa joto na kwa kiwango cha chaji, kwa hiyo ukipima moja alfajiri na nyingine mchana wa jua kali, umelinganisha maji na mafuta. Mkia wa nyuzi 45 nao hauendelei milele, kwani elektrodi ina mwisho wake, na ioni zikifika ukutani mkia hubadilika. Zile saa 24 nilizozihesabu juu ni za kipengele safi cha kwenye karatasi. Na kuhusu alfa ya 0.8 au 0.9, watu wa fani bado wanajadiliana inatoka wapi: ukwaruzi wa uso, matundu ya elektrodi, au mchanganyiko wa kasi nyingi kwa pamoja. Anayekuletea saketi yenye vipengele vitano inayolingana na vipimo kikamilifu, muulize kwanza kama ingelingana pia na vipimo vya betri isiyokuwapo. Namba nyingi hukubali chochote.

Swali lenyewe litazidi kuwa kubwa. Pikipiki za umeme za Kigali na Kampala hubadilishiwa betri vituoni, na kila moja ya betri hizo za lithiamu ina siku yake ya kustaafu barabarani huku ikiwa bado na kazi ya kuwashia nyumba. Atakayeweza kuzichambua bila kuzifungua na bila kuzimaliza moja moja atakuwa na shughuli.

Kwa atakayetaka kujipima: chukua daftari letu la hatua sita, tafuta uzito wa sita, kisha kokotoa mshuko wa hatua ya saba mkondo ukiwa bado umezimwa. Uzito ukitoka hasi 0.0205 na mshuko ukitoka 1.0576, umelielewa somo. Baada ya hapo rudia hesabu yote kwa alfa ya robo. Nami nipo maktabani baada ya Alasiri, kila Jumatano.